Kikuku Hakijui Mguu

Mzazi hatembei. Hilo Aikande alilijua kabla hajajua kusoma. Mwanamke aliyetoka kujifungua kule Marangu hukaa ndani, hukandwa kwa maji ya moto, hunyweshwa mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, mpaka auone kama adui yake, na akithubutu kunyoosha mkono kuchukua ufagio, mama mkwe humkata jicho. Theluji ilikwisha mlimani zamani, ikabaki kwenye picha za kalenda. Mifongo, ile mifereji ya kumwagilia migomba, ilikuwa na milango inayojifungua yenyewe. Lakini mambo ya mzazi hayakuguswa na mtu.

Daktari Hidaya Semboja, ambaye alikuwa mtu wa Tanga na hakujua habari za mtori, alisema kinyume chake.

"Tembea," alimwambia Aikande, akiwa amepiga goti mbele yake anamfunga kikuku cha kijivu kwenye kifundo cha mguu. "Panda, shuka, inama, geuka. Fua nguo ukitaka. Imba ukitaka. Ila usikae tu, dada yangu. Mtoto anakusubiri wewe."

Mtoto mwenyewe alikuwa nyuma ya kioo cha hospitali ya bondeni, ndani ya Kiota. Ukimwangalia haraka ungedhani ni ua lililoanguka kwenye maji. Alizaliwa mapema mno, ngozi yake ikawa bado haivumilii hata kiganja cha mama, achilia mbali kifua. Kwa hiyo alielea kwenye ute wa uvuguvugu ndani ya mfuko laini, na mfuko ule ulikuwa unatikisika.

Mtikisiko huo ndio uliokuwa maana ya Kiota. Mtoto anayekaa tumboni hadi wakati wake huwa ametembea sana kabla hajazaliwa. Amepanda vilima, ameinama shambani, amekimbizwa na mvua, amecheza harusini, yote bila kulipa nauli. Mwili wake hujifunza humo namna ya kujikunja, kusukuma na kujishika. Anayetoka mapema hukatishwa safari, akalazwa chali mahali patulivu, na utulivu huo huja kudai malipo baadaye: shingo inachelewa kukaza, mgongo unachelewa kukaa, miguu inachelewa kusimama. Kiota kilibuniwa kumrudishia safari yake. Kikuku kilichukua mwendo wa mama popote alipokuwa, kikautuma, na Kiota kikautoa kidogo kidogo kila mtoto alipokuwa macho.

"Kuna jambo moja," daktari alisema, akasimama na kujipangusa magoti. Alisita. Aikande alishajua ni jambo gani, maana watu wote husita hivyo kabla ya kuutaja mguu wake.

Akiwa mtoto aliteleza kwenye mfongo, mguu wa kushoto ukavunjika, mfupa ukaunga ulivyotaka wenyewe. Tangu siku hiyo alitembea kwa kuchechemea: hatua moja nzito, kituo, kisha hatua fupi ya haraka kama mtu aliyekumbuka kitu. Hakuwa na shida nao. Alikuwa mwalimu wa kwaya ya usharika, na waimbaji wake walisema wanamtambua kabla hajafika mlangoni, wakaacha umbea kwa wakati.

"Tunaweza kuunyoosha," daktari aliendelea taratibu. "Si mguu, namaanisha mwendo. Kiota kinapokea hatua zako, kinaondoa ile... ile tofauti, kisha kinampa mtoto mwendo ulio sawa. Wengine wameomba hivyo. Si lazima."

"Usiponyoosha atachechemea?"

"Mifupa yake mizima. Lakini ni mara ya kwanza kwangu kupata mama mwenye mwendo kama wako. Nikikuambia najua, nitakudanganya."

Mumewe, Elisaria, aliyekuwa kazini Dodoma na akisikiliza kwenye simu, alikohoa na kusema labda ni vyema kunyoosha, kwa usalama tu. Mama mkwe alitikisa kichwa kukubaliana na mwanawe hadi kilemba kikalegea.

Aikande alimtazama mtoto wake. Alikuwa hajamshika, hajamnyonyesha, hajamnusa. Kitu pekee alichokuwa nacho cha kumpa kilikuwa huo mwendo.

"Msiunyooshe," alisema. "Nataka anijue mimi."

*

Mtoto aliitwa Anansia. Hapakuwa na mjadala, kwani msichana wa kwanza huchukua jina la mama wa baba, na mama wa baba alikuwa Anansia, mwanamke mfupi, mkakamavu, mwenye shingo iliyobeba majani ya ng'ombe maisha yake yote bila kulalamika. Tangu siku ile alianza kumwita Aikande "mama yangu," maana ukiwa mama wa Anansia, basi wewe ni mama yake naye. Utani huo ulimfurahisha kila alipourudia, na aliurudia tangu alfajiri.

"Mama yangu, kunywa mtori."

"Nimeshiba, mama."

"Mzazi hashibi. Kunywa."

"Mama, daktari amesema nitembee."

"Daktari amezaa wangapi?" Bibi Anansia aliuliza, akiongeza upawa mwingine kwenye bakuli. "Hata ng'ombe akizaa tunampelekea majani zizini. Nikuache wewe uzunguke kijijini na tumbo bichi, watu waseme mke wa mwanangu hana mtu wa kumlea?"

Basi Aikande, aliyerudi nyumbani na kumwacha mtoto Kiotani, alitembea kwa wizi. Bibi akitoka, alizunguka kitanda, akaenda dirishani, akarudi, akaenda tena. Lakini kila siku baada ya kifungua kinywa bibi alikuja na ndoo ya maji ya moto na majani ya mchaichai, akamvua kikuku "kisilowe," akamkanda mgongo na tumbo kwa taulo hadi mifupa ikawa uji. Kisha mtori. Kisha usingizi, ule mzito unaomwangusha mtu katikati ya sentensi. Akiamka alasiri, kikuku kilikuwa mguuni pake tena, na bibi alikuwa uani akikata majani, anaimba.

Katika siku hizo hizo bibi alimsimulia kisa cha ng'ombe, naye Aikande akacheka bila kukitilia maanani. Chama cha maziwa kiliwavisha ng'ombe wote mikanda shingoni ya kupima afya. Ng'ombe wa jirani alikuwa mvivu wa kula, na chama kikatishia kumwondoa kwenye orodha. Wanawake wakakaa, wakashauriana, wakauvua mkanda wake na kumvisha ng'ombe wa bibi, aliyekula hata kamba ya kufungia. Chama kikatuma pongezi.

"Mkanda unajua shingo ya nani?" bibi alisema, akifuta machozi ya kicheko. "Haujui lolote. Unahesabu kutafuna."

*

Siku ambayo daktari alimruhusu kugusa, Aikande aliosha mikono hadi vidole vikanywea. Hakuruhusiwa kumgusa mtoto mwenyewe, bado. Aliruhusiwa kuweka kiganja kwenye ukuta wa mfuko kutoka nje.

"Weka hapa," Daktari Hidaya alimwongoza. "Yuko macho. Utamsikia, na utajisikia mwenyewe pia. Hizi ni hatua zako za jana."

Aikande aliweka kiganja. Ukuta ulikuwa na joto kama shavu. Kitu kilisukuma kutoka ndani, kisigino kisichozidi punje ya mahindi. Alicheka kwa sauti mbele ya watu, bila haya. Kikasukuma tena. Mtoto alikuwa na nguvu! Alipiga teke, akajikunja, akapiga lingine, mfululizo, kama mtu aliyeko juu ya gari anayefurahia njia mbaya.

"Umeona?" daktari alisema, naye macho yakimng'aa. "Katika watoto wote walio hapa, wa umri wake, ndiye anayejikunja vizuri zaidi. Ulikataa tuuguse mwendo wako, ukawa sahihi. Nimewaandikia wenzangu habari zako."

Hapo ndipo Aikande alipoanza kuusikiliza mtikisiko wenyewe.

Tu, tu, tu, tu.

Alingoja kituo. Mwalimu wa kwaya husikia kituo kabla ya sauti. Hakikuja. Hatua zilikuwa sawa, imara, zikipanda mlima bila haraka. Kisha zikasimama, kukawa na mtikiso mdogo wa kwenda juu, kama mtu anayeweka vizuri mzigo kichwani, na safari ikaendelea.

Mzigo wa majani. Aliufahamu mtikiso ule. Aliuona mara nyingi kupitia dirishani.

"Vipi, dada?" daktari aliuliza. "Umebadilika uso."

"Furaha tu," Aikande alisema. Ulikuwa uongo wa nusu, na nusu ya uongo ndiyo inayouma. Ndani ya mfuko mtoto wake alikuwa anacheza kwa mguu wa mtu mwingine.

*

Kesho yake alikandwa, akanywa mtori, akalala kwa kufumba macho tu. Alipomsikia bibi anatoka alihesabu beti mbili za wimbo wa Pasaka, akainuka na kwenda kukaa kwenye benchi la uani. Alikaa hapo hadi bibi aliporudi kati ya migomba, furushi la majani kichwani, sketi imepandishwa, na kikuku cha kijivu kikimng'aa kwenye kifundo cha mguu.

Bibi alimwona. Hakutua furushi.

"Upepo huo, mama yangu. Ingia ndani."

"Mama," Aikande alisema. "Umeninyang'anya mtoto."

Sasa furushi lilianguka. Bibi alikaa juu yake, akaanza kukihangaikia kikuku bila kuweza kukifungua, na kwa mara ya kwanza Aikande aliona kwamba mikono ile ilikuwa imezeeka.

"Mimi nimnyang'anye nani? Daktari anataka mtu atembee. Mzazi hatembei. Mimi natembea kila siku, ng'ombe hawali hewa. Nikasema kikuku hakijui mguu. Wewe upumzike, mtoto apate hatua, daktari afurahi. Nimekosa wapi?"

"Na ile ya kunyoosha? Hukuifikiria?"

Kuku walipita katikati yao, wakadonoa majani.

"Niliifikiria," bibi alisema. "Sitakudanganya, nina jina lake. Nilimwona yule mtoto, mdogo vile, nikasema aongezewe na mguu wa kuchechemea? Nikaona nimpe wangu, mzima. Nikajua nikikuomba utakataa, kwa sababu unajivuna, Aikande. Hujivuni vibaya. Lakini unajivuna."

Hilo liliingia ndani kabisa, kwa sababu Aikande alishajiuliza hivyo hivyo usiku kucha. Alikataa mwendo kunyooshwa kwa ajili ya mtoto, au kwa ajili yake mwenyewe? Alitaka mtoto amjue. Je, mtoto alihitaji kumjua, au alihitaji tu kutembezwa? Na ushahidi ulikuwa pale, umeandikwa na daktari na kutumwa kwa wenzake: mtoto alikuwa na nguvu kuliko wote, kwa mguu wa bibi. Akinyamaza, angeendelea kuwa na nguvu. Kikuku kingevuliwa na kuvishwa, maji ya moto, mtori, usingizi, na siku ya kutoka Kiotani angepokea mtoto mkakamavu aliyefundwa na mgongo wa mtu mwingine. Akisema, huenda wangembadilishia mwendo katikati ya safari, na hakuna aliyejua mtoto angelipokeaje jambo hilo.

Alikuwa na hasira, na alimpenda yule mwanamke, na hivyo viwili vilikaa kwenye benchi moja bila kusukumana.

"Jina umempa wewe, mama," alisema. "Nilifurahi, na bado nafurahi. Mwendo ungeniachia mimi."

Bibi Anansia alitazama chini. Kisha akanyoosha mguu wake mbele, kama mtoto anayetaka kufungwa kiatu.

"Nivue hiki kitu," alisema. "Halafu twende kwa huyo daktari. Mficha uchi hazai."

*

Daktari Hidaya aliwasikiliza wote wawili, kwanza akiwa amekunja uso, kisha amefunika mdomo. Kisa cha mikanda ya ng'ombe kilipofika mwisho alishindwa, akacheka mpaka akakaa.

"Nimewaandikia watu wa nchi tatu," alisema akijifuta macho. "Haya. Nitawaandikia tena." Kisha akawa mtu wa kazi. "Aikande, uamuzi ni wa mama, na mama ni wewe. Lakini usikilize. Amezoea hatua za bibi. Zako za kuzunguka kitanda zilikuwa dhaifu, Kiota kilizitupa. Nikimpa mwendo mpya sasa, anaweza kuupokea. Anaweza pia kunyamaza, na akinyamaza siku nyingi tutapoteza tulichokipata. Bado kidogo atatoka humu. Ukiniambia tuendelee na bibi, sitakuona mama mbaya."

"Naomba nijaribu mara moja. Hapa hapa, ukimwangalia. Akinyamaza, kikuku nitamvisha bibi kwa mkono wangu."

Kusema hivyo kulimgharimu. Bibi alilijua hilo, akamshika kiwiko.

Daktari akakifungulia Kiota kipokee hatua moja kwa moja, bila kuchelewesha. Aikande akafunga kikuku, akavua viatu na kuanza kutembea kwenye ukumbi mrefu mbele ya kioo. Hatua nzito, kituo, hatua fupi. Hatua nzito, kituo, hatua fupi. Tumbo lilimuuma kidogo mahali palipokuwa bado pabichi, na mtori wote aliounywa ulimshika mkono, ukamtia nguvu.

"Vipi?" aliuliza bila kugeuka.

"Amenyamaza," daktari alisema.

Alifika mwisho wa ukumbi, akarudi.

"Bado?"

"Amekunjua vidole. Macho yako wazi. Hapigi."

Bibi Anansia alikuwa ameweka viganja viwili kwenye ukuta wa mfuko, midomo ikicheza. "Ee Ruwa, Mungu wangu," alikuwa anasema. "Ee Ruwa, huyu ni mtoto wangu na yule ni mtoto wangu."

Aikande alitembea. Alitaka kuurefusha mguu mfupi, kuuficha, kuuharakisha ulingane na mwenzake, na mwili wote ulimwomba afanye hivyo. Hakufanya. Kama sitapendwa kwa mguu huu, alijiambia, basi nisipendwe kwa mguu wa kuazima. Na bila kupanga alianza kuimba, kwa sauti ya chini, ule wimbo wa Pasaka ambao kwaya yake haijawahi kuupatia, kwa sababu sauti ya tatu huingia kwenye kituo, peke yake, na kila mwaka mtu huogopa kuingia.

Hatua nzito. Kituo.

"Oo!" bibi alipiga ukelele, akaitoa mikono kama aliyeungua, akairudisha. "Amepiga!"

"Wapi?" Aikande alisimama.

"Usisimame, wewe! Tembea!"

Hatua nzito. Kituo. Hatua fupi. Hatua nzito. Kituo.

"Tena! Hapo hapo! Ukinyamaza wewe, anapiga yeye!"

Daktari alikuwa ameinamia kioo, pua karibu iguse. Alizungumza polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha anayelala.

"Kwa hatua za bibi alikuwa anapiga wakati wowote. Alikuwa abiria. Sasa anangoja. Anaangalia mahali ulipoacha wazi, ndipo anaweka mguu wake." Alinyooka. "Usiniulize maana yake. Sijui atatembeaje. Ninachojua, huyu anajibu."

Aikande hakuwa anasikia tena vizuri. Alikuwa analia na kuimba na kutembea kwa pamoja, jambo ambalo angemkataza mwanakwaya yeyote, na kila alipofika kwenye kituo alikiacha wazi, kwa makusudi sasa, kama unavyomsogelea mtu kwenye benchi ili apate pa kukaa.

*

Wiki iliyofuata watu wa Marangu waliona kioja. Bibi Anansia alishuka njia ya kati ya migomba na furushi la majani kichwani, na nyuma yake, mchana kweupe, akiwa amejifunga khanga mbili na kikuku cha kijivu mguuni, alichechemea mkwewe.

Jirani mwenye ng'ombe mvivu alisimama kwenye ua wake, mikono kiunoni.

"Anansia! Siku hizi mzazi anatembea?"

"Nani amekuambia anatembea?" bibi alijibu bila kugeuza kichwa, kwa sababu ya mzigo. "Mjukuu wangu ndiye anayetembea. Huyu anamsindikiza tu."

"Na mtori?"

"Mtori uko palepale. Akirudi atakunywa mara mbili."

Aikande alicheka nyuma yake. Njia ilianza kupanda, akapunguza mwendo. Hatua nzito, kituo, hatua fupi. Baada ya muda aliona kitu kwenye mgongo wa bibi. Ule mwendo uliobeba majani miaka yote bila kusita ulikuwa unasita. Kidogo tu, kila mguu wa Aikande ulipokawia nyuma yake, bibi naye alikawia, akangoja, ndipo akaendelea.

"Umechoka, mama?"

"Mimi nichoke? Tembea, mama yangu. Usimkatishe mtoto."

Wakatembea. Bondeni, ndani ya Kiota, kisigino kidogo kilikuwa kinangoja zamu yake.